Vitabu vya babu vimo kashani, vijana wana simu mkononi: nianze na lipi?

BARUA

Asalaam aleikum ndugu zangu wa safu hii,

Mimi ni binti wa miaka 26, wa Mkomani, Lamu. Nilimaliza shahada ya maktaba na nyaraka mwaka juzi, na tangu nirudi nyumbani sijapata kazi ya ofisi. Kila Jumamosi mimi na wenzangu sita, wawili wao bado wako chuoni, huwasomea watoto hadithi kwenye ukumbi wa madrasa. Mimi pia hutunga mashairi na huandika khati, ule mwandiko wa sanaa wa Kiarabu.

Nyumbani kwetu kuna kasha la marehemu babu. Ndani mna vitabu 41 vilivyoandikwa kwa mkono, vingine kwa Kiarabu na vingine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na furushi la karatasi zilizochanguka. Masika yaliyopita kasha lilikaa limeegemea ukuta wa nje, na sasa baadhi ya vitabu vimeota ukungu wa kijivu na vina vitundu vya wadudu. Kijana mmoja wa kundi letu alikwisha kubandika selotepu kwenye kurasa tatu kabla sijamzuia. Tena kuna kaseti 23: kasida, mashairi aliyoyasoma babu mwenyewe, na nyingine bibi asema ni za vugo, nyimbo za wanawake za harusi za miaka ya themanini.

Wenzangu wataka tupige picha kila kitu kwa simu tuweke Facebook, watu waone. Ami yangu, ambaye ndiye mwenye ufunguo, asema vitabu visiguswe, kwani mgeni mmoja alikuja akataka kuvichukua akavitengeneze ng'ambo, na tangu siku hiyo ami hamwamini mtu. Mama asema niachane na makaratasi nitafute kazi. Nami naona vitabu vinaoza huku tunabishana. Nianze na lipi? Na je, mashairi na khati niviweke kando mpaka nipate kazi ya fani yangu?

Binti wa Mkomani

MAJIBU

Aleikum salaam, binti yetu.

Simu iwe ya mwisho. Anza na ami yako, na umwendee na ombi dogo: afungue kasha mbele yako siku moja, mlitazame pamoja, kisha alifunge. Ami hajakataa vitabu vitunzwe. Anachokataa ni vitoke. Mwambie wazi tangu mwanzo kwamba hakuna hata karatasi moja itakayovuka kizingiti, na neno hilo ulishike. Yule mgeni naye ajibiwe hivyo hivyo, kwa heshima: akitaka kusaidia, aje na vifaa vyake, kazi ifanyike hapo nyumbani na ami akiwepo. Mfano uko karibu nanyi. Vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha vilipigwa picha chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, uitwao Endangered Archives Programme, yaani mpango wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004, na sharti la mpango huo ni kwamba kitabu chenyewe hubaki nchini mwake. Kinachosafiri ni nakala. Mtajie ami Riyadha, msikiti anaoujua, ataelewa upesi kuliko ukimpa maneno ya chuoni.

Siku hiyo ya kwanza someni kurasa za mwanzo na za mwisho tu. Mwanzoni mnatafuta neno wakfu. Vitabu vingi vya dini vya pwani viliwekwa wakfu, na aliyeweka huandika kwamba kitabu hiki hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi, na pengine hutaja msikiti au watu aliowakusudia. Maneno hayo mara nyingine yako ubavuni mwa ukurasa, kwa wino uliofifia, na ndiyo maana hupitwa. Kitabu cha namna hiyo hakikuwa mali ya babu wala si mali ya ami. Kilikuwa amana mikononi mwao. Mkikikuta, kiandikeni kwenye daftari, kisha mkamwulize imamu wa msikiti uliotajwa, au kadhi, kabla ya hatua nyingine yoyote. Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu kosa la ukungu hurekebishika, lakini picha ya kitabu cha wakfu ikishasambazwa bila ruhusa, hakuna wa kuirudisha, na nyumba nyingine zote za mtaa zitafunga makasha yao kwenu.

Mwisho wa kitabu nao una habari. Mwandishi anapomaliza kunakili, mara nyingi huipunguza mistari ikawa pembetatu iliyoelekea chini, na humo hutaja jina lake, mji na tarehe ya Hijria. Mkikuta mji ni Siyu, kisiwani Pate, msishangae, kwani Siyu ilisifika kwa kunakili misahafu. Tarehe iandikeni kama ilivyo, ndipo mtafute mwaka wa miladi. Mwaka wa 1300, kwa mfano, ulianza Novemba 1882 ukaingia 1883, kwa hiyo kama mwezi haukutajwa mtaandika 1882/1883, si mwaka mmoja wa kubahatisha. Pasipokuwa na tarehe, karatasi yenyewe husema kidogo: nyingi zilizofika pwani zilitoka Italia, na ukiweka mwanga nyuma yake utaona hilali tatu zimefuatana ndani ya karatasi. Hilali hizo peke yake hazitoshi kutaja mwaka. Ni ushahidi wa kuongeza juu ya mwingine.

Sasa ugonjwa wenyewe. Siku hiyo hiyo ya kwanza, vitabu vyenye ukungu vitengeni na vizima, kila kimoja kikiviringishwa kwenye kitambaa chake, maana vumbi la ukungu husafiri kwa hewa. Ukungu huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hivi kwa siku kadhaa, na Lamu, iliyozungukwa na bahari, hupita hapo mara kwa mara, hasa wakati wa masika. Nunueni kipima unyevu kidogo cha kuweka chumbani, msome asubuhi na alasiri, muandike. Bila tarakimu hizo mtakuwa mkifukuzana na ukungu msioujua unatoka wapi.

Kitabu kilichoota ukungu hukaushwa kivulini, kimesimama na kurasa zimeachana kidogo, feni ikipuliza chumba, isikielekee chenyewe. Juani kamwe: jua hukunja karatasi na kufifisha wino. Ukungu ukishakauka ukawa unga, ndipo unapopanguswa, nao hupanguswa kwa brashi laini ya rangi, nje, mkiupa upepo mgongo, mmevaa barakoa ya N95 na glavu za mpira. Mwenye pumu asikaribie. Ukungu ukiwa bado mbichi, brashi huusukuma ndani ya nyuzi za karatasi na huacha doa la daima. Wala msipanguse kwa kitambaa chenye maji au spiriti, kwa kuwa wino wa masizi ukiguswa na maji hutembea, na ule wino mwekundu wa vichwa vya maneno hutembea zaidi.

Mtakutana na wino wa namna nyingine, uliogeuka kahawia na kuzungukwa na kivuli cha kahawia, na pengine herufi zimedondoka zikaacha tundu lenye umbo lake. Wino huo una chuma na unaila karatasi. Kurasa hizo msizifunue kwa kidole. Tieni karatasi safi chini yake, mgeuze zote mbili pamoja.

Wadudu wana dawa ambayo Lamu mnayo tayari: friza. Kitabu kikavu huviringishwa kitambaa cha pamba, hutiwa mfuko wa plastiki mzito, hutolewa hewa, hufungwa barabara, kisha mfuko wa pili juu yake. Friza iwe nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri, na kikae wiki mbili kamili. Umeme ukikatika kitu kikayeyuka, hesabu inaanza upya, kwani baridi ya kupanda na kushuka huwapa mayai nafasi ya kupona. Mkikitoa, mfuko usifunguliwe kwa saa 24, mpaka kitabu kifikie joto la chumba; ukifunguliwa mapema, hewa ya pwani hugeuka maji juu ya jalada na mtakuwa mmebadilisha wadudu kwa ukungu. Friza ya samaki inafaa iwapo imeoshwa na haina kitu kingine. Picha za zamani na kaseti zisiingie humo. Na kumbukeni kwamba baridi huua wadudu, lakini ukungu huulaza tu.

Wazee watawaambia mtie majani ya mwarobaini au karafuu baina ya kurasa. Nia ni njema, lakini majani huacha mafuta na rangi, na yakioza hualika wadudu wengine. Dawa ya kunyunyiza ya mende na ile ya vidonge vya nondo ziacheni pia. Hushikamana na karatasi na humdhuru msomaji.

Ile selotepu usiivute. Gundi ikishashikana na nyuzi, ukivuta inaondoka na maandishi. Tia kipande cha karatasi nyeupe safi juu yake ili kingo zake zisinate kwenye ukurasa wa jirani, andika katika daftari ni kurasa zipi, na umwachie mtaalamu wa ukarabati anayetumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Kijana aliyeibandika msimwaibishe. Mpeni kazi ya daftari la unyevu. Atakuwa mlinzi mzuri.

Kasha lirudi wapi? Si kwenye ukuta wa nje. Nyumba ya mawe ya Lamu huvuta unyevu kutoka nje na kutoka chini, kwa hiyo lipelekwe ndani zaidi, mahali pasipopigwa na mvua za kusi, liachane na ukuta kwa shibiri moja na liinuliwe kutoka sakafuni sentimita 15 ili mchwa waonekane kabla hawajaingia. Vidaka, vile vishubaka vya ukutani, vinapendeza kwa vyombo, lakini kama viko kwenye ukuta wenye unyevu msivipange vitabu. Kila kitabu kiviringishwe kitambaa cha merikani kisichopaushwa. Merikani mpya ina wanga wa kiwandani ambao wadudu wanaupenda, kwa hiyo ifueni mara mbili kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, ikauke kabisa. Ondoeni pini, klipu na mipira. Pale panapohitaji kufungwa, tumieni utepe wa pamba, fundo likae ubavuni, lisikae juu ya jalada. Namba ya kitabu iandikwe kwa penseli ya 2B kwenye kipande cha karatasi kinachotokeza, si kwa biro, wala si juu ya ukurasa wenyewe.

Baada ya hayo ndipo simu. Ngojeni kaskazi: Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi Lamu, na kurasa hufunguka bila kunata. Mikono ioshwe ikauke, bila mafuta, bila hina mbichi, na halua ikae mbali na chumba. Glavu za pamba hazifai kwa karatasi hizi kwa sababu kidole hakihisi na ukurasa huchanika. Mkono mkavu ni bora. Anayeshika msahafu awe na udhu, na meza iwe juu, si mkekani. Ami akiwaona hivyo atajua mnafahamu mnachokishika.

Kitabu kisilazwe wazi kikawa bapa. Tengenezeni mito miwili ya sponji iliyovikwa merikani, kitabu kifunguke pembe mraba tu au kuzidi kidogo. Vitabu vingine vina ulimi wa ngozi unaokunjwa chini ya jalada la juu. Upeni mto wake, usining'inie. Simu ikae kwenye stendi, imeelekea chini sawasawa, na taa mbili za rangi moja zitoke kulia na kushoto kwa mteremko wa nyuzi 45. Bila mwako (flash) wa simu. Mwanga wa dirisha hubadilika kila wingu likipita, na picha za asubuhi hazitafanana na za adhuhuri. Chini ya ukurasa tandikeni kitambaa cheusi kisichong'aa, cha buibui kinafaa sana, ili vitundu vya wadudu visionekane kama nukta za herufi. Katika maandishi ya Kiarabu, tundu moja juu ya herufi hubadilisha neno. Katika kila picha kiwepo kipande cha rula.

Pigeni ukurasa mmoja mmoja. Hesabu yake ni nyepesi: simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli, yaani nukta za picha, 4000 kwa 3000. Ukurasa wenye urefu wa A4, yaani inchi 11.7, hupata nukta 340 hivi kwa kila inchi, na hizo zinatosha. Mkipiga kurasa mbili kwa mkupuo mnashuka mpaka 240, na nukta ndogo za herufi zinaanza kuyeyuka. Watu wawili, mmoja wa kugeuza na mmoja wa kupiga, msipite kurasa 150 kwa asubuhi; uchovu ndio unaochana karatasi na kuruka kurasa. Kila mwisho wa kitabu hesabuni kurasa na picha. Zisipolingana, tafuteni kosa siku hiyo hiyo.

Jina la picha libebe mahali pake: K1-07-012b, yaani kasha la kwanza, kitabu cha saba, karatasi ya 12, upande wa pili. Wekeni sifuri za mbele, la sivyo kompyuta itapanga 10 kabla ya 2. Na kwa kuwa kitabu kinaanzia kulia, uso wa kwanza wa karatasi, yaani a, huonekana mkono wa kushoto kitabu kikiwa wazi, na b huwa kulia. Wanafunzi waliozoea vitabu vya chuoni huligeuza hili, na orodha nzima ikaenda kombo.

Furushi lililochanguka ndilo litakalowapa raha. Chini ya upande b, pembeni, mtaona neno dogo limeandikwa peke yake kwa mshazari. Hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Mwandishi aliliweka ili karatasi zisipotee mpangilio. Kwa hiyo msipange kwa kukisia wala kwa maana: orodhesheni maneno hayo ya chini katika safu moja, maneno ya kwanza ya kila upande a katika safu ya pili, kisha muoanishe. Lisipopatikana la kuoana, hapo pana karatasi iliyopotea, nanyi andikeni hivyo. Kabla ya kuoanisha, tengeni kwanza kwa mwandiko, idadi ya mistari na upana wa karatasi, kwani furushi moja huweza kuwa na vitabu vitatu.

Picha zihifadhiwe mara tatu, kwa vifaa vya aina mbili, na nakala moja ilale nyumba nyingine, ikiwezekana Malindi au Mombasa kwa jamaa. Kurasa 1,000 za megabaiti 5 ni gigabaiti 5 tu, hazihitaji mtambo. Msitumiane kama picha za WhatsApp, kwa sababu huzibana; tumeni kama hati. Picha ya asili haihaririwi kabisa. Ukitaka kung'arisha, ng'arisha nakala.

Na Facebook? Kila kitabu kwenye orodha kipate herufi moja: W kwa wazi kwa wote, U kwa ukoo tu, F kwa kilichofungwa, kisichoonyeshwa. Herufi hiyo huiweki wewe peke yako. Ami, bibi na mtu mzima mwingine mmoja wa ukoo wakae waamue, na wakivutana, ichukuliwe ile iliyofunga zaidi. Kashani hamtakuwa na dini na mashairi pekee. Mtakuta barua za madeni, talaka, mirathi, nasaba zinazotaja nani alikuwa huru na nani mtumwa, vitabu vya falaki na talasimu. Karatasi moja ya nasaba ikirushwa mtandaoni yaweza kuvunja uchumba wa watu walio hai. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari za walio hai, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda utungo kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini hata pale sheria iliponyamaza, jirani hajanyamaza. Makubaliano yaandikwe Kiswahili, ukurasa mmoja: kimepigwa nini, nani anashika nakala, kipi chaweza kuonyeshwa na wapi, nani wa kuulizwa, na kwamba ukoo ukibadili nia picha itaondolewa. Nakala tatu, saini tatu.

Kaseti ndizo zenye haraka kuliko vitabu. Karatasi nzuri hukaa miaka mia mbili. Kaseti ya miaka ya themanini tayari imechoka, na mashine za kuichezea zinazidi kuadimika. Kwanza vunjeni vile vidoko viwili vya plastiki vya juu ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Tazameni dirishani: mkiona unga mweupe kwenye utepe, isichezwe, kwani ukungu utahamia kwenye mashine na kwenye kaseti zote zitakazofuata. Kile kipande kidogo cha sponji kinachosukuma utepe kikiwa kimebanduka, sauti itafifia na kupotea. Hamisheni utepe kwenye ganda jipya lenye skurubu. Utepe wa dakika 90 ni mwembamba kuliko wa 60, basi usirudishwe mbio. Safisheni kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti safi ya isopropili kila baada ya kaseti mbili, mpitishe utepe mzima mbele na nyuma mara moja, ndipo murekodi.

Waya utoke kwenye tundu la sauti la nyuma la deki, yaani mashine ya kaseti, kama lipo, si la vipokea sauti vya masikioni. Katika programu ya Audacity rekodini kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Saa moja ni gigabaiti moja hivi. Kilele cha sauti kisivuke desibeli 6 chini ya sifuri, maana sauti iliyopasuka haitengenezeki. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya saa moja huchukua saa moja, na mtu awepo akisikiliza. Aliyepo aandike dakika na tukio, kwa sababu bibi anajua sauti ya nani ni ipi, na hakuna mwingine atakayejua baadaye.

Zile za vugo ziwe F mpaka wanawake wenyewe waseme vinginevyo. Waliimba mbele ya wanawake wenzao, kwa maneno ya ndani, bila kukusudia kusikiwa na wanaume wala na mtandao. Wapo walio hai. Wafuateni, wasikilizeni, waamue. Wavulana wa kundi wasiwe ndio wanaozirekodi. Kazi hii ni yako na wasichana wenzako, na hapa ndipo mtaalamu wa kutoka mbali hawezi kukushinda.

Swali lako la mwisho ndilo lililotugusa. Mashairi na khati usiviweke kando. Ni vyombo vya kazi hii. Aliyenakili kwa herufi za Kiarabu mara nyingi aliandika b, p na mb kwa herufi ile ile moja, na f na v vivyo hivyo. Nani atakayejua ni ipi? Atakayejua mizani. Mshororo wa utenzi una mizani, yaani silabi, nane. Ukisoma ukapata saba au tisa, umesoma vibaya au mwandishi ameruka, na sikio la mtunzi hulihisi kabla hajahesabu. Mkono wa khati nao hutambua pale kalamu ilipoinuliwa na pale herufi mbili zilipounganishwa kwa haraka. Unapoandika upya, weka mistari mitatu: herufi za Kiarabu kama zilivyo, herufi za Kilatini zinazozifuata moja kwa moja, kisha usomaji wako. Na Kiamu, lahaja ya Lamu, usikisahihishe. Ndia ibaki ndia, nti ibaki nti, yeo na mato vibaki. Anayetaka njia, nchi, leo na macho umwekee pembeni.

Jumamosi zenu zinaweza kula humo humo. Chukua kitabu kimoja chenye W, beti sita. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa katikati hutoa kijitabu cha kurasa nane bila pini: jalada mbele, ubeti mmoja kila ukurasa, na ukurasa wa nyuma mtupu ili mtoto atunge wa kwake. Mchoro wa khati ni wako. Nakala 30 ni karatasi 30. Mkihitaji hadithi za watoto wadogo, African Storybook ina vitabu vya Kiswahili vilivyoruhusiwa kuchapwa na kugawiwa. Wakati wa Maulidi, Lamu inapojaa wageni, tundikeni nakala kubwa kwenye merikani. Kitabu chenyewe kibaki kashani.

Kuhusu mama, mwonyeshe tarehe ya mwisho. Mahakama, hospitali, shule na kaunti zote zina makabati ya karatasi, na anayeajiri hutaka kuona kitu kilichokamilika. Kasha moja lenye orodha, picha zilizohesabiwa, makubaliano yaliyosainiwa na daftari la unyevu la miezi sita lina uzito kuliko cheti peke yake. Omba kazi huku ukilifanya, asubuhi mbili kwa wiki, na usikubali kasha la jirani kabla hili halijaisha.

Kila siku ya kazi ianze na iishe kwa hesabu. Vitabu 41 vilitoka, 41 virudi, na aandike ami kwa mkono wake. Kisha afunge, na ufunguo aondoke nao yeye.